Pasipoti ina jina la baba, tiketi ina jina la mume

Dada, hongera sana kwa ndoa. Umeuliza kama unaweza kusafiri Desemba kwa pasipoti yenye jina la baba yako, ilhali cheti cha ndoa unacho na watu wote sasa wanakuita kwa jina la mumeo, au ukimbilie kubadilisha pasipoti kwanza. Safiri na hiyo uliyonayo. Ila tiketi ikatwe kwa jina lililo ndani ya pasipoti, herufi kwa herufi, na usiguse chochote mpaka urudi.

Mimi nilifunga ndoa Moshi mwaka 2022. Wifi yangu anafanya kazi Muscat, akatuzawadia tiketi tukamtembelee. Yangu akaikata kwa jina la ukoo wa kaka yake, kwa furaha tu ya kupata wifi, na ndivyo nilivyoandikwa hata kwenye kadi ya harusi. Sikuikagua. Tulipofika Jengo la Tatu pale Uwanja wa Julius Nyerere, kijana wa kaunta akatazama pasipoti, akatazama kompyuta, akarudia pasipoti. Nikamtolea cheti cha ndoa, tena halisi. Akaniambia kwa upole: "Dada, hiki kinaonyesha umeolewa. Hakionyeshi kwamba mwenye tiketi hii ni wewe." Mume wangu amesimama hapo hapo, pasipoti yake ina jina lile lile la ukoo, haikusaidia kitu. Usiku ule tulirudi Tabata na mabegi yetu, na wifi yangu alikuwa ameshaomba ruhusa kazini aje kutupokea. Tiketi yangu ikapotea yote, maana zile za bei nafuu haziruhusu kubadili jina la msafiri; wanachorekebisha ni herufi moja mbili zilizokosewa.

Baadaye nilielewa kwamba yule kijana hakuwa na ukorofi. Angalia chini ya ukurasa wenye picha yako: kuna mistari miwili yenye alama kama vichwa vya mishale, kila mstari una nafasi 44. Mashine inasoma pale. Kwa safari nyingi za nje, shirika la ndege hutuma taarifa hizo nchi unakokwenda kabla hujatua, na likimbeba mtu ambaye nyaraka zake hazikubaliki linaweza kupigwa faini na kulazimika kumrudisha. Cheti cha ndoa hakimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kibebe, kitakufaa ukiulizwa maswali, lakini hakikupandishi ndege.

Usishtuke ukiona kwenye tiketi jina lako la kwanza na la kati yameunganishwa kuwa neno moja, na mwishoni yamebandikwa MRS. Hayo ni mambo ya mitambo yao. MRS ni namna ya kukutaja tu, hata kama pasipoti ina jina la usichana.

Sasa ukirudi na ukaamua kubadili, anzia chini. Hapa ndipo wengi tunapoteza muda, tunakwenda moja kwa moja Uhamiaji na cheti cha ndoa mkononi. Maombi ya pasipoti yanatumia namba ya NIDA, na NIDA ikikutambua kwa jina la baba, utarudishwa. Mimi wakili aliniandalia hati ya kubadili jina, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi, nikaenda nayo NIDA, kisha ndiyo Uhamiaji. Ada ya pasipoti nililipa shilingi 150,000, na inadumu miaka 10. Safari yote ilinichukua karibu miezi mitano, ndiyo maana nakusihi usiianze na tiketi ya Desemba ikiwa mfukoni. Benki na laini ya simu nilibadilisha baada ya hapo.

Kama una viza ya muda mrefu kwenye pasipoti ya sasa, uliza ubalozi husika kabla hujabadili. Marekani, kwa mfano, wanashauri uombe viza mpya jina likishabadilika, na hiyo ni gharama nyingine na foleni nyingine. Cheti cha homa ya manjano nacho kina jina lako la zamani. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo usikubali kuchomwa tena kwa sababu ya jina. Omba kuandikiwa upya, nenda na kile cha zamani na hati ya kubadili jina.

Na ujue pia kwamba hulazimiki. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haimwamuru mke achukue jina la mume. Wenzetu wa Unguja na Pwani, binti hubaki na ubini wa baba yake maisha yote, na wanasafiri na waume zao bila shida. Dada yangu naye hakubadili. Akisafiri na wanawe wenye jina la baba yao hubeba nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa, basi.

Leo hii mpigie anayekukatia tiketi, mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti, asiandike jina kwa kukumbuka. Akishakutumia tiketi, ifungue hapo hapo uilinganishe na pasipoti. Ikiwa imekosewa, siku ile ile ya kununua ndiyo rahisi kurekebishiwa.