Unaanza kazi za meli hapa Mombasa? Jifunze kuhesabu siku kwanza

Kila kijana anayeingia hii kazi, awe ametoka Bandari Maritime Academy, TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa) ama amepewa tu kiti na mjomba wake kwa ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, swali lake la kwanza ni lilelile: kontena kutoka China mpaka Kilindini ni pesa ngapi? Na mimi humjibu aniulize kwanza ni siku ngapi. Sio utani. Meli ina kodi yake ya siku, ina deni benki, ina bima, mabaharia wanataka mshahara, na hizo zote zinaendelea kula iwe meli inatembea, iwe imefungwa gatini, iwe imetia nanga nje inangoja zamu. Mkienda Mama Ngina jioni mkaona meli zimetulia kule mbele watu wapiga selfi na kula mihogo, nyinyi wa hii kazi mjue kuna mtu mahali analipia hiyo meli usiku kucha na hakuna hata kreti moja imesogea.

Tuchukue mafuta. Meli ikiongeza mwendo mafuta hayaongezeki sawasawa na mwendo, yanapanda kwa kasi sana, kanuni ya haraka ni kwamba mafuta ya siku yanafuata mwendo mara tatu, yaani mwendo kwa mwendo kwa mwendo. Mumbai mpaka hapa ni kama maili za bahari 2,400. Kwa noti 20, yaani maili 20 za bahari kwa saa, ni siku 5, ukishuka noti 16 ni siku 6 na robo, lakini mafuta ya siku yamekuwa karibu nusu na safari nzima umetumia kama asilimia 64 ya yale ya kwanza. Sasa je, nahodha aende pole ama akaze? Inategemea hiyo siku moja na robo inagharimu nini, kodi ya meli ikiwa juu na mizigo inangoja atakaza, soko likilala atakwenda mdogomdogo. Na uliza kila mara mafuta analipa nani. Meli ikikodishwa kwa safari, mafuta ni ya mwenye meli. Ikikodishwa kwa muda, mafuta ni ya aliyekodi, mwenye meli yeye anangoja kodi yake tu. Mkataba huohuo ukiusoma vizuri utajua kwa nini watu wawili ndani ya dili moja wanavutana.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni kwa nini kontena la kuja ni ghali na la kwenda ni rahisi wakati bahari ni ileile. Ni kama matatu za asubuhi kuingia town, zinakuja zimejaa mpaka mlangoni na kurudi kondakta anabembeleza abiria kwa bei ya kutupa. Sisi tunaleta chuma, nguo, vyombo, mashine, vipuri, na tunachopeleka kwa kontena ni chai, kahawa, parachichi na vitu vichache vingine, kwa hivyo makontena mengi hutoka hapa matupu na laini ya meli, yaani kampuni ya meli, inalipia kuyarudisha. Nauli ya kuja inabeba na ile hasara ya kurudi. Kwa hivyo ukiwa na mteja wa kupeleka mzigo nje usiogope kubishana bei, laini inapendelea kupata chochote kuliko kubeba hewa. Ila parachichi usibishane sana, lile kontena la baridi ni habari nyingine, hilo ndilo wenye mizigo wanaloligombania.

Halafu mnisikilize hapa kwa sababu wengi hawaelewi. Tangu Novemba 2023 Wahuthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, laini kubwa zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika badala ya kupita mfereji wa Suez. Mteja wangu mmoja akaniuliza, mzigo wangu watoka China wapita mlango wa bahari wa Malacca unakuja moja kwa moja, mimi na Suez wapi na wapi, mbona nauli imepanda? Swali zuri, na jibu ni siku tena. Meli inayokwenda Ulaya ikiongezewa wiki moja na zaidi, ili ratiba isivunjike laini inahitaji meli nyingi zaidi na makontena mengi zaidi kwa njia ileile, basi zinachukuliwa kutoka njia zingine, na njia zetu ndogo ndizo za kwanza kuguswa. Idadi ya meli duniani haikupungua, lakini siku zimemezwa.

Na meli haiagizwi leo ikaletwa kesho, kuunda huchukua miaka miwili mitatu. Ndio maana soko hili lina wazimu. Faharasa ya Baltic ya mizigo mikavu, kipimo cha nauli za meli za mizigo kama makaa na nafaka, ilifika 11,793 Mei 2008, Desemba mwaka uleule ikawa 663. Walioagiza meli wakati wa raha walikabidhiwa wakati wa njaa. Basi.

Sasa tuje ofisini, hapa ndipo mtakapokula ama kuliwa. Kontena likichelewa kuna bili tatu na mteja huziita zote demareji, wewe usiziite hivyo. Ya kwanza ni stoo ya bandari ama ya CFS (yadi ya makontena nje ya bandari), hiyo ni ya mahali kontena lilipolala. Ya pili ndiyo demareji yenyewe, ya laini ya meli, kwa kontena lake kukaa bandarini kupita siku za bure. Ya tatu ni ditensheni, umeshatoa mzigo umepeleka Nairobi ama Kampala na kontena tupu hujalirudisha. Zinahesabiwa mbalimbali, zinalipwa kwa watu mbalimbali, na Jumapili na Idi kwa kawaida zinahesabiwa pia. Chukulia mfano tu, kila laini ina tarifu yake: siku 7 za bure, halafu dola 25 kwa siku tano za kwanza, halafu dola 50. Ukichelewa siku 10 baada ya zile za bure ni 125 kujumlisha 250, yaani dola 375, na hujagusa stoo. Mteja wa kontena moja la vyombo hapo faida yake yote imekwenda, na alichokuwa anangoja pengine ni karatasi moja tu, jina kwa BL (bill of lading, hati ya mzigo kutoka laini ya meli) halifanani na jina kwa invoisi. Niliona hilo kwa ofisi moja niliyofanya kazi, herufi moja tu, na kurekebisha manifesti, orodha ya mizigo ya meli, kukachukua muda kuliko meli ilivyochukua kutoka India.

Kwa hivyo mkipata nakala ya BL msingoje meli ifike. Someni jina, uzito, namba ya kontena, sili, na bandari ya mwisho, kama ni Mombasa ama ni ICD Nairobi (bandari kavu ya Embakasi), maana mzigo ukishaandikwa Nairobi utapanda reli, na hata baada ya ile amri ya kulazimisha makontena yapande reli ya SGR kulegezwa 2022 bado watu wanaandikisha bila kufikiria halafu wanashangaa kontena liko Embakasi na wao duka lao ni Kongowea.

Ya mwisho ni bima, na hii vijana huiruka. Tangu 2017 mwagizaji wa Kenya anatakiwa anunue bima ya baharini kwa kampuni za humu nchini, lakini wengi huchukua ile nafuu kabisa ili tu fomu ipite. Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021 mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, maana yake gharama za kuokoa meli zinagawanywa kwa wote wenye mali ndani, hata ambaye kontena lake halikupata mkwaruzo, na bila dhamana hupewi mzigo. Mwenye bima, kampuni inatoa dhamana kwa niaba yake. Asiye nayo anatafuta pesa mfukoni. Kwa hivyo ulizeni mteja bima yake ni ya aina gani na imeanza lini kabla meli haijang'oa nanga kule inakotoka, na cheti kiwekeni faili moja na BL.