Shangazi hasomi takwimu, na watu wanapona

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nasoma saikolojia mwaka wa pili hapa Kisumu. Nilijiunga nikitaka kusaidia watu, lakini muhula huu ni takwimu tupu: wastani, mkengeuko, sampuli. Shangazi yangu huwashauri watu kanisani na hajawahi kukokotoa chochote, na anasema karibu wote hupata nafuu. Sasa hesabu hizi ni za nini?
Aliyechoka, Kondele

JIBU: Sijambo, binti yangu. Msalimie shangazi, kisha umuulize: wale wasiorudi walienda wapi? Aliyepata nafuu huja Jumapili na mkungu wa ndizi. Aliyezidiwa hubaki kwake, na habari zake hazifiki kanisani.

Kuna gumu zaidi. Mtu hutafuta mshauri maji yakiwa yamemfika shingoni. Kutoka hapo, wengi wangepumua kidogo baada ya muda hata bila kushauriwa na mtu. Kilichopita kiasi huelekea kurudi karibu na wastani. Katika karne ya 19, mtafiti Francis Galton aliliona jambo hilo kwenye urefu wa watu huko Uingereza: watoto wa wazazi warefu mno huwa warefu, ila kwa kawaida hawawafikii wazazi. Sisemi shangazi hasaidii. Huenda anasaidia sana. Ila kwa kumtazama tu hatuwezi kujua.

Ili tujue, tunahitaji watu wengine wanaofanana na hao wa shangazi, ila wao hawakushauriwa. Mfano hauko mbali: Rarieda, Siaya. Shirika la GiveDirectly liligawia kaya maskini pesa, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakalinganisha kaya zilizopata na zilizokosa, zote zikiwa zimechaguliwa kwa bahati nasibu. Bahati nasibu haimjui mwenye bidii wala mwenye jamaa kwa chifu, na ndiyo maana naiamini. Matokeo yalichapishwa 2016. Waliopata walisema wana furaha zaidi na msongo umepungua. Lakini watafiti walipima pia kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao, na kwa wastani haikubadilika. Mdomo ulisema hivi, mate yakasema vile! Mtu asiyepima angerudi Nairobi na nusu ya habari.

Wanafunzi wangu hapa Nakuru huniambia hizi ni hesabu za wazungu za kutudharau. Zimewahi kutumiwa hivyo, sikatai. Lakini tazama Usenge, hapo ziwani. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15, wakachapisha 2001. Mbali na msamiati, waliwauliza kuhusu mitishamba: mtoto ana dalili hizi, anaugua nini, apewe dawa gani? Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati. Ukiwa na karatasi ya msamiati peke yake, ungewaita wazito wa akili hao wanaojua kutibu homa nyumbani.

Kwa mtihani, anza na sampuli, yaani kundi dogo tunalolipima ili tujue habari za kundi kubwa. Ndiyo inayowaangusha wengi. Mkengeuko, yaani jinsi namba zinavyotawanyika mbali na wastani, ukikushinda, niandikie tena na bei za omena za wiki moja pale Dunga, tuukokotoe pamoja.