Kabla Kamera Haijawaka: Majibu kwa Wasomaji wa Safu ya Jukwaa na Filamu

Mwezi huu mmeniandikia kuhusu riwaya iliyogeuzwa filamu, igizo lililorudi jukwaani baada ya miaka 45, waigizaji wanaofoka, na binti anayetaka kusomea sanaa. Nimeigiza jukwaani tangu ujana na sasa naongoza wenzangu, kwa hiyo majibu yangu ni ya mtu wa chumba cha mazoezi. Mtaona mara nyingi narudi humo.

*Shikamoo mama. Nimeitazama filamu ya Vuta N'Kuvute, na riwaya yenyewe nimeifundisha kwa miaka. Mbona sehemu kubwa ya kitabu haimo? Nilitoka nikihisi nimepunjwa. – Mwalimu wa Kiswahili, Muheza*

Marahaba, mwalimu. Uchungu wako naujua, maana anayekipenda kitabu hukumbuka hata sauti ya mlango ulipofungwa. Lakini hebu tuangalie kazi aliyokuwa nayo Amil Shivji, mwongozaji wa filamu hiyo. Riwaya ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, imejaa watu. Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza angali msichana mdogo, anamkimbia, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, mtaa wa mji wa Zanzibar, anakutana na Denge, mpinga ukoloni, huku Inspekta Wright na Koplo Matata wakimsaka Denge usiku na mchana. Na kitabu kinavuka bahari hadi Mombasa. Filamu ina kama saa moja na nusu tu. Shivji na Jenna Bass, aliyeandika naye skripti, wakashika uzi mmoja: mapenzi ya Yasmin na Denge katikati ya harakati za kupinga ukoloni Zanzibar ya miaka ya 1950. Wangeshika nyuzi zote, ungepata orodha ya matukio, na Yasmin usingemjua.

Mimi hupima filamu ya namna hii kwa waliochaguliwa kuicheza. Yasmin amechezwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma amepewa Siti Amina, mwimbaji wa Siti and the Band. Huyo wa tatu ndiye aliyenifurahisha kuliko wote. Mwajuma ni mtu wa taarabu, na mwimbaji wa taarabu anajua kumwacha msikilizaji asubiri neno. Mwigizaji asiyeimba hufundishwa jambo hilo kwa muda mrefu. Yeye amekuja nalo kutoka kazini kwake. Filamu hiyo ilioneshwa Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar, mara ya pili katika historia yetu baada ya Maangamizi ya mwaka 2001.

Kwa darasa lako nina ombi. Chagueni sura moja tu ya riwaya. Kundi moja liiigize mbele ya darasa, jingine liirekodi kwa simu. Kila kundi likate kinachozidi dakika tano na lieleze kwa nini limekata. Baada ya hapo irudieni filamu.

*Mama, mimi ni kijana wa Mwanza. Nimeigiza shuleni na kanisani. Kuna kikundi cha jukwaani kinanihitaji, na kuna watu wa filamu wameniahidi nafasi ndogo. Marafiki wanasema jukwaani hakuna pesa. Nianzie wapi?*

Mwanangu, marafiki zako wamesema kweli kuhusu pesa, na sitakudanganya. Hata hivyo anzia jukwaani, kwa sababu huko ndiko utakakopewa mazoezi. Kwenye filamu nyingi za kwetu nafasi ndogo inafanyiwa mazoezi mara moja, wakati taa zinafungwa.

Nikueleze tunavyofanya. Siku za mwanzo hakuna anayesimama. Tunakaa na viti kwa duara, kila mtu na nakala yake na penseli, tunasoma. Unaweka alama unapovuta pumzi. Kila anayeingia kwenye onyesho namuuliza maswali yale yale: umetoka wapi sasa hivi, unataka nini kwa huyu, na mkononi umeshika nini? Majibu ya "sijui" ni mengi mwanzoni, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kulikuwa na binti aliyecheza mama anayekwenda kudai deni kwa shemeji yake. Alikuwa na sauti nzuri, na kila mstari aliufoka. Tulirudia, akafoka zaidi. Nikamwambia aandike kiasi cha deni kwenye karatasi, aikunje, aifunge kwenye pindo la kanga yake, kisha aanze kuongea huku anafungua. Fundo likagoma. Akabaki anahangaika nalo kwa kucha, macho chini, na maneno yakaanza kumtoka polepole, kama mtu anayeona haya kudai chake. Shemeji naye, ambaye siku zote alisubiri tu zamu yake ya kujibu, akaanza kuangalia zile kucha. Wenzetu waliokuwa wanakunywa chai pembeni wakanyamaza. Deni likawa deni kweli. Fundo hilo hulikuti siku ya kurekodi, jenereta linapiga kelele na mwenye nyumba anauliza mtaondoka saa ngapi.

Ukishajua hivyo, kamera haitakusumbua sana. Tofauti ipo: jukwaani mtu wa mstari wa mwisho anakuona kwa mwili mzima, bega lako na mgongo wako vinasema naye, kamera inaona hata ukope. Lakini wanaojua jukwaa wanaweza kupunguza. Itafute Maangamizi niliyoitaja hapo juu, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Amandina Lihamba, profesa na mtu wa jukwaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amemcheza Samehe, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hajasema neno. Mwanamke aliyezoea kujaza ukumbi kwa sauti amepewa kimya, na huwezi kumwondolea macho. Mtazame anavyoketi tu.

*Nilikwenda Kenya National Theatre mwaka 2022 kutazama igizo la Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda) kwa Kiingereza, kwa kuwa Kikuyu sikijui. Waliotazama ya Kikuyu wanasema ilikuwa na moto zaidi. Je, ni lugha tu? Na ile ya kwanza kule Limuru ilikuwaje? – Msomaji, Nairobi*

Asante kwa swali hili, kaka. Ningeweza kulijibu usiku kucha.

Lugha ni sehemu ya jibu. Mwongozaji Stuart Nash aliandaa maonyesho ya lugha mbili, na hilo ni jambo zito kwa waigizaji: mwili mmoja unabeba mizani mbili za maneno. Wimbo uliotungwa kwa Kikuyu una mahali pake pa kupiga mguu chini. Ukiutoa hapo, mguu unachelewa.

Ila ukitaka kujua moto wa kwanza ulitoka wapi, nenda kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika, Kimani Gecau akaongoza, na waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa pale Limuru. Wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la wazi. Mazoezi yalichukua miezi, na yalifanywa mbele ya yeyote aliyepita. Hapo ndipo roho yangu inaposimama. Mtu akipita anatoka shambani, akiona kijana anamwigiza mzee vibaya, anaingia na kumwonesha mzee anavyotembea na anavyoongea. Kina mama walileta nyimbo na ngoma za harusi walizozijua. Muswada ukawa unarekebishwa na wale wale unaowahusu: Kiguunda mwenye kipande chake cha shamba cha ekari moja na nusu, hati yake ikining'inia ukutani, na tajiri Kĩoi anayekimezea mate. Siku ya kufungua, tarehe 2 Oktoba, watazamaji wengi walikuwa wameshalijua igizo kwa moyo, na bado walikuja.

Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Kwa hiyo ulipoketi kwenye kiti kizuri cha Kenya National Theatre, ulikuwa unatazama igizo lililonyimwa kijiji chake. Hakuna mwongozaji, hata awe hodari vipi, anayeweza kukurudishia yule mzee anayeingia kutoka shambani na kusema "hapana, sisi hatutembei hivyo." Ningekuwa na uwezo, kila igizo linalohusu wakulima lingefanyiwa mazoezi ya wazi walipo wakulima, hata kama onyesho lenyewe litakuwa mjini.

*Kwa nini waigizaji wengi wa Bongo Movie wanapiga kelele? – Dar es Salaam*

Kwanza, usiwalaumu wao. Wengi wa kizazi cha mwanzo, akiwemo marehemu Steven Kanumba, walipitia vikundi vya maigizo ya televisheni kama Kaole, ambako uliweza kupewa kisa na mnatunga maneno wenyewe. Wale walikuwa na vipaji vya kubuni papo kwa papo ambavyo leo hatuna. Anayebuni papo kwa papo hupandisha sauti, kwa kuwa sauti ndiyo njia ya haraka ya kumzuia mwenzake asimdakie zamu. Kisha siku za kurekodi ni chache, na kinasa sauti kikiwa hafifu mwongozaji mwenyewe anakwambia ongeza.

Nimewahi kuitwa kwenye kazi moja ambako skripti ililetwa asubuhi ile ile, kurasa za moto kutoka kwenye mashine, na jioni tulikuwa tumemaliza onyesho la msiba. Tulilia kwa sauti kubwa sote. Ungefanya nini kingine? Hukupata nafasi ya kumjua marehemu.

Dalili za kubadilika zipo. Tazama Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, yenye visa vya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Humo watu wanazungumza kama wanavyozungumza jikoni. Mwanamke anaumia na hasemi, nawe umeelewa. Hayo huyapati bila mwigizaji kupewa muda na mtu wa kumuuliza maswali.

*Nimesikia Shakespeare aliwahi kuigizwa kwa Kiswahili London kwenyewe. Ni kweli? – Mombasa*

Ni kweli. Mwaka 2012, ukumbi wa Globe ulialika makampuni ya nchi mbalimbali, kila moja na lugha yake. Kiswahili kiliwakilishwa na waigizaji walioandaliwa Nairobi, kwa igizo la Wanawake wa Heri wa Winsa, na Mrisho Mpoto wetu ndiye aliyekuwa Falstaff, yule mzee mnene mwenye kutongoza wake za watu na kuishia kuaibishwa. Mtunga ngonjera kwa Falstaff: chaguo la akili sana. Na msisahau kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, vitabu ambavyo watu wanavisifu kuliko wanavyovicheza. Natamani sana kuiona Mabepari ikichezwa yote, ukumbi wa hapa nyumbani, kwa mazoezi ya kutosha.

*Shikamoo dada. Binti yangu amemaliza kidato cha nne, anataka sanaa za maonyesho. Baba yake hataki. Kuna chuo cha maana, au ni kupoteza muda? – Mama, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Kipo TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), chuo cha serikali kilichoanza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa. Wanafundisha uigizaji, ngoma, muziki, sanaa za ufundi, na siku hizi kazi za picha na sauti pia. Akiendelea na masomo hadi ngazi ya shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara yake ya sanaa. Baba naye asibishane kwa maneno. Mchukueni mwende naye Bagamoyo wakati wa tamasha la sanaa la kila mwaka, aone vijana wanavyoamka alfajiri kufanya mazoezi ya viungo na sauti. Wanatoka jasho kuliko wachezaji wa mpira.

Kuhusu usaili, mwambie asiige mtu aliyemwona kwenye simu. Achague kipande kifupi kutoka tamthilia inayosomwa shuleni, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inafaa sana, akikariri chote bila kuruka. Aende na nguo anayoweza kukimbilia, na nywele zisizomwangukia usoni. Akiulizwa mhusika wake ametoka wapi kabla ya kuingia, awe na jibu.