Msaada Wenye Siku ya Kuondoka: Kwa Mwalimu Anayeanza Kazi Kitengo Maalum

Mtoto anahangaika na kifungo cha shati, nawe umeshakifunga kabla hajakishika vizuri. Kesho yake unafunga tena, kwa sababu kengele ya chakula inalia na wenzake tisa wanangoja. Muhula ukiisha, mtoto hagusi kifungo kabisa. Anakuja na kusimama mbele yako, kifua wazi. Iwe kitengo chako, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, kiko Kisumu mjini, Vihiga au Busia, hilo ndilo kosa linalowapata walimu wapya na wasaidizi wa darasa kuliko jingine lolote, na huwapata hasa wenye huruma. Msaada ni sharti uanze ukiwa umepangiwa siku ya kuondoka.

Anza na faili. Mtoto aliyepitia kituo cha tathmini cha EARC, vituo ambavyo Kenya imekuwa navyo tangu 1984, atakuwa na ripoti. Itazame tarehe kwanza: ripoti ya miaka minne iliyopita inakueleza mtoto mwingine. Kisha uliza lugha. Mtoto anayelelewa na dani wake, yaani nyanya yake, kule Seme na kusikia Kijaluo mchana kutwa anaweza kushindwa na swali la Kiswahili au Kiingereza, kisha akaandikiwa kwamba haelewi. Mpe agizo lilelile kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuamini lolote.

Masikio na macho yakaguliwe hospitalini kabla ya kuilaumu akili. Sikio linalotoa usaha kila msimu wa mvua linatosha kumfanya mtoto aonekane mkaidi. Mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu: mweke mbele, dirisha likiwa nyuma yake, mwanga usimpige usoni. Mwenye kifafa anayesinzia saa nne asubuhi huenda amelemewa na dawa. Muulize mzazi anampa dawa hiyo saa ngapi, naye apeleke swali kwa daktari. Wewe usiguse kipimo.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kunawa mikono kwenye ule mtungi wa lita 20 wenye mfereji. Kwako ni kitendo kimoja, lakini kwa mtoto ni hatua 12: kufika mtungini, kupandisha mikono ya sweta, kufungua mfereji, kulowesha mikono, kufunga, kupaka sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono, kufungua tena, kusuuza, kufunga, kukausha. Usiziandike ukiwa umekaa ofisini. Nenda mtungini unawe mwenyewe, mwenzako akihesabu, maana ukiandika kwa kukumbuka hakika utaruka kufunga mfereji katikati, na mtoto atakuwa wa kumaliza maji ya shule.

Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, mara nyingi inafaa kufundisha kuanzia mwisho. Wewe unamsaidia hatua 11, ya kukausha anaifanya mwenyewe. Akiimudu, unamwachia mbili za mwisho, kisha tatu. Faida yake ni kwamba kila siku mtoto ndiye anayemaliza kazi, na sifa anaipata pale pale kazi inapokwisha. Ukianza na hatua ya kwanza, mtoto anafanya kidogo, kisha unampokonya kazi ikiwa bado mbichi.

Msaada una ngazi, na ni vizuri uzijue kwa majina: mkono wako juu ya wake, kumgusa kiwiko tu, kumwonyesha ukifanya, kuashiria kwa kidole, neno, halafu kimya. Katika stadi mpya kabisa anza na mkono na ushuke, kwa sababu kosa lililorudiwa mara kumi nalo linakuwa somo. Katika stadi anayoijua nusu, anza na kimya na uongeze kidogo kidogo. Ukitumia mkono, simama nyuma yake ili mikono yenu ielekee upande mmoja. Ukisimama mbele, kila kitu kinageuka kulia kuwa kushoto. Akivuta mkono wake, mwachie. Kumshika kwa nguvu si kufundisha.

Wengi hudhani neno ndilo msaada mwepesi kuliko wote. Kwa kweli ndilo gumu kuliondoa. Mkono wako unauona, unajua upo. Sauti yako huisikii. Unasema "nawa, haya nawa, sabuni, sabuni iko wapi?" na mtoto anajifunza kwamba agizo ni lile la nne, hayo matatu ya kwanza ni kelele. Sema mara moja, kwa maneno mawili. Halafu hesabu kimoyomoyo hadi kumi, bila haraka. Sekunde kumi za ukimya darasani ni ndefu mno kwa mwalimu, lakini mwenye mtindio wa ubongo, yule ambaye ubongo wake hauongozi misuli vizuri, anazihitaji ili mwili wake ufuate anachotaka kufanya. Na uso wako uutulize: watoto wengi wanasoma jibu machoni pa mwalimu. Ukiona anakutazama kabla ya kuchagua kadi, geuza macho utazame meza.

Andika papo hapo. Karatasi moja, mtoto mmoja, stadi moja, herufi moja kwa kila hatua: M kwa mkono, G kwa kugusa, O kwa kuonyesha, K kwa kidole, N kwa neno, P kwa pekee yake. Ukingoja saa tisa alasiri utaandika unavyotamani. Hatua ikipata P mara 4 kati ya 5, siku 3 mfululizo, songa mbele. Ikiwa herufi ni ileile kwa vipindi kumi, usiongeze bidii. Ama hatua ni kubwa na inataka kukatwa mara mbili, ama kifaa ndicho kibaya. Mfereji uliokaza umewafanya watoto wengi wenye misuli dhaifu waonekane hawaelewi, ilhali wenye kishikio kirefu cha kusukuma ungemaliza mambo.

Herufi hizi ndizo zitakazokuandikia mpango wa mtoto, ule walimu wanaouita IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja. "Mtoto aweze kujitunza" halipimiki. Andika hivi: "Kufikia wiki ya 8, akitoka chooni, atanawa hatua zote 12 bila neno, mara 4 kati ya 5." Malengo matatu kwa muhula yanatosha. Mipango yenye malengo kumi na tano huandikwa kwa ajili ya mkaguzi.

Pesa zinataka neno lake. Fundisha kwa sarafu za kweli, si za karatasi. Sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Zile za zamani zenye sura za marais bado zinatumika, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa "simba ni kumi" atakataa chenji halali kwa mama mboga. Tangu wiki ya kwanza changanya za aina zote mbili. Na mtoto anayenunua bila kosa kwenye duka la kuigiza darasani bado hajajua kununua. Abadilishiwe muuzaji, mahali na bidhaa: kwanza kioski cha shule, halafu duka la nje ya lango, halafu soko lenye makelele kama Kibuye. Kila mahali papya anaweza kurudi nyuma ngazi moja au mbili. Ni kawaida, mpe ngazi hiyo na uishushe tena. Ongea na muuzaji mapema, umwambie asichukue pesa mkononi mwa mtoto na kujichagulia.

Pahali pamoja usipunguze msaada kwa pupa ni kwenye kulisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Hapo kosa linaweza kupeleka chakula mapafuni. Aketi wima, makalio yakiwa nyuma kabisa ya kiti, magoti yamekunjika sawasawa, nyayo zikikanyaga kitu kigumu. Kama hazifiki chini, weka kibao. Kichwa kiwe katikati, kidevu kimeinama kidogo. Kosa la kila siku ni kulisha umesimama: mtoto anainua uso akutazame, koo linafunguka vibaya, anapaliwa. Kaa chini, macho yako yalingane na yake. Tumia kijiko kidogo, nusu tu, kitoke mbele usawa wa mdomo, na usikikwangue kwenye meno ya juu. Ngoja ameze kabla ya kingine. Uji mwembamba mara nyingi ni hatari kuliko mzito, kwa kuwa unakimbia. Baada ya kula abaki wima nusu saa. Akikohoa kila mlo, sauti ikiwa kama ina maji, au akikonda, apelekwe hospitali, na ulishaji ufuate atakachosema mtaalamu wa huko. Hata hapa kuna cha kumwachia: afungue mdomo mwenyewe kukubali, ageuze uso kukataa, na wewe uheshimu.

Nyumbani ndiko msaada uliouondoa hurudi. Dada mkubwa anamvalisha kwa sababu wanachelewa, nyanya anamlisha kwa mapenzi. Usimtumie mama mtoto karatasi ya hatua 12. Mwonyeshe hatua moja tu ambayo mtoto ameshaimudu, mbele ya macho yake, umwombe amwachie hiyo moja jioni. Chagua wakati usio na haraka. Asubuhi ya shule haifai, Jumamosi inafaa. Na uliza wanatumia nini nyumbani: kama ni beseni na kata, mtoto wa mfereji atasimama akishangaa, na ni wewe utakayeleta beseni na kata shuleni Jumatatu.