Nusa kwa vipindi vifupi: chaneli za ioni zinavyoendesha pua yako

Mtu akisikia harufu ya gesi jikoni, mara nyingi hubaki palepale akivuta pumzi ndefu moja baada ya nyingine ili ajue inatokea wapi. Dakika mbili tatu zinapita, harufu inafifia, naye anajiambia kwamba uvujaji umekoma. Hilo ni kosa la hatari. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Huongezwa kemikali yenye salfa, aghalabu ethanethioli, ili pua itushtue, na pua hushtuka mara moja kisha hunyamaza. Kwa hiyo amini ule mnuso wa kwanza. Funga valvu ya mtungi kama inafikika, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka nje. Usirudi kuhakikisha kwa pua ambayo imekwisha kunyamaza.

Kunyamaza huko huanzia kwenye chaneli za ioni, yaani vijilango vya protini vilivyopenya utando wa seli na kuruhusu chembe zenye chaji ya umeme kuingia au kutoka. Akishaelewa vijilango hivi, mtu hunusa vizuri zaidi, hupima pua yake bila kujidanganya, na hujua tiba ipi ya mitaani aikimbie.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na sakafu ya fuvu, kuna eneo dogo lenye mamilioni ya seli za neva za kunusia. Kila seli hutandaza kwenye ute silia, yaani vijinywele vyake, kama 10 hadi 30, ambazo wembamba wake unaushinda unywele mara mamia. Molekuli ya harufu huyeyuka kwanza kwenye ute huo, kisha hunasa kwenye kipokezi, yaani protini inayoitambua. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivi, na kila seli hubeba aina moja. Linda Buck na Richard Axel walitangaza jeni za vipokezi mwaka 1991, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Maelezo mengi ya kunusa huishia hapo, nasi tunaona yanaacha nusu ya kazi, kwa sababu kipokezi hiki hakipitishi umeme wowote. Kazi yake ni kuamsha protini G, mjumbe wa ndani ya seli, nayo huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo iitwayo cAMP. Hiyo cAMP ndiyo ufunguo wa mlango.

Mlango wenyewe ni chaneli ya CNG. Umeundwa kwa vipande vinne: viwili vya CNGA2, kimoja cha CNGA4 na kimoja cha CNGB1b. cAMP ikishika upande wa ndani, mlango hufunguka, sodiamu na kalsiamu zikaingia kwenye silia. Tadashi Nakamura na Geoffrey Gold waliuonyesha mkondo huu mwaka 1987. Umuhimu wake unaonekana wazi kwa panya wa maabara walioondolewa jeni ya CNGA2: vitoto vyao vingi hufa siku chache baada ya kuzaliwa, kwa kuwa mtoto wa panya hulitafuta titi la mama kwa harufu, na hawa hawasikii chochote.

Kisha linafuata jambo ambalo linastahili kutazamwa kwa utulivu. Kalsiamu iliyoingia hufungua mlango wa pili, ANO2, unaopitisha kloraidi. Katika seli nyingi za neva zilizokomaa, mlango wa kloraidi ukifunguka, kloraidi huingia na seli hutulia. Seli ya kunusia hufanya kinyume. Ina pampu iitwayo NKCC1 ambayo kila inapozunguka huingiza sodiamu moja, potasiamu moja na kloraidi mbili, hivyo kloraidi hulundikana ndani. Mlango unapofunguka, kloraidi hutoka kwa wingi. Chaji hasi ikitoka, ndani hubaki na chaji chanya zaidi, na ule mkondo mdogo wa kwanza hukuzwa. Kwa panya, kloraidi inaweza kubeba hadi kama asilimia 90 ya mkondo wote. Ni mpango wa busara, maana silia zimelala kwenye ute ambao chumvi yake hubadilikabadilika, na seli yenye akiba yake ya ndani haitegemei sana hali ya nje. Hata hivyo panya waliokosa ANO2 bado hunusa vizuri katika majaribio mengi. Kwa hiyo ANO2 ni kipaza sauti. Swichi ni CNG.

Umeme ukifika kiwango cha kutosha, chaneli za sodiamu hufunguka na kurusha mipigo kwenye nyuzi za neva zinazopita kwenye mfupa wenye matundu kama chekecheke hadi ubongoni. Chaneli muhimu hapa ni Nav1.7, ileile inayobeba habari za maumivu. Watu waliozaliwa bila Nav1.7 inayofanya kazi hawasikii maumivu, na pia hawasikii harufu.

Sasa turudi kwenye kunyamaza. Kalsiamu ileile iliyofungua mlango wa kloraidi hushikana na protini iitwayo kalmodulini, na pamoja huifunga CNG haraka. Huchochea pia kimeng'enya kinachovunja cAMP. Baadaye kalsiamu yenyewe hutolewa nje na protini inayobadilishana na sodiamu, NCKX4, na seli huwa tayari tena. Juu ya hayo, ubongo nao hupuuza harufu isiyobadilika. Ukivuta pumzi ndefu bila kukoma, unazidi kuzizima seli zilezile unazozitegemea.

Kwa hiyo nusa hivi: mivuto miwili au mitatu, mifupi na ya haraka, midomo imefungwa, kisha ondoa kitu puani na upumue hewa safi kwa nusu dakika hivi. Mvuto wa haraka husukuma hewa kuelekea juu kwenye eneo la kunusia, ambako katika upumuaji wa kawaida hufika sehemu ndogo tu ya hewa. Ukilinganisha harufu mbili, anza na iliyo hafifu. Ukianza na kali, hafifu itaonekana haina kitu, nawe utatoa hukumu ya uongo.

Kupima kama pua imepona ndiko kunakowapotosha wengi. Hunusa dawa ya kuchua yenye mentoli, husikia ubaridi na mchomo, hufurahi. Ubaridi huo huletwa na chaneli nyingine kabisa, TRPM8, iliyoko kwenye neva ya uso iitwayo trijemina. Ukali wa haradali hupitia TRPA1, na moto wa pilipili TRPV1. Amonia pia huchoma kwa njia ya neva hiyo, hata kwa mtu asiyesikia harufu kabisa. Tumia vitu visivyochoma: kahawa ya unga, vanila, maua ya waridi. Funga macho, mwingine akuletee bila kukutajia, na umwambie wakati mwingine akuletee kikombe kitupu. Bila kikombe kitupu, kumbukumbu itanusa badala ya pua.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia pale kamasi inapoziba njia. Chumvi hiyo haiongezi nguvu ya chaneli, ingawa wapo wanaodhani hivyo. Inalinganisha maji na mwili ili utando usivimbe wala kuwaka. Kipimo ni gramu 9 kwa lita moja, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini isiyo na madini joto. Maji yachemke kwa dakika moja nzima, au tatu ukiwa mahali palipo juu ya mita 2,000, yapoe hadi uvuguvugu. Maji ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kubeba ameba inayoshambulia ubongo, jambo la nadra lakini la kuua. Dawa za kupuliza za kuzibua pua usizidishe siku tano, kwani zikizoeleka pua huvimba zaidi kila zinapoachwa.

Dawa za pua zenye zinki ziache kabisa. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya bidhaa za aina hiyo kwa sababu baadhi ya watumiaji walipoteza uwezo wa kunusa. Pia usijitengenezee mchanganyiko wa theofilini, dawa ya pumu, kwa kuwa umesoma kwamba huzuia cAMP isivunjwe. Hoja yake inaeleweka, na imejaribiwa kwa waliopoteza harufu baada ya UVIKO-19, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2022 halikuleta jibu la uhakika, na theofilini ikizidi kidogo tu mwilini huvuruga moyo.

Harufu ikipotea baada ya mafua au UVIKO-19, kinachopendekezwa zaidi ni mazoezi ya kunusa, yaliyoelezwa na Thomas Hummel na wenzake mwaka 2009. Tafuta chupa nne za kioo cha kahawia zenye mfuniko, za mililita 50. Weka kipande cha pamba kwenye kila moja, udondoshee mililita 1 ya mafuta: waridi, limau, mkaratusi, karafuu, kila mafuta na chupa yake. Asubuhi na jioni nusa kila chupa kwa sekunde 10 kwa mivuto mifupi, ukikumbuka jinsi ilivyokuwa ikinukia. Kati ya chupa na chupa pumzika; sisi tunashauri nusu dakika, kwa sababu ya kalsiamu tuliyoieleza. Endelea wiki 12 bila kuruka, ikibidi wiki 24. Seli za kunusia huzaliwa upya, lakini hazizaliwi kwa siku mbili. Mafuta yakiisha makali, badilisha. Harufu zikianza kurudi zikiwa zimepotoka, kahawa ikanuka kama kitu kilichoungua, usiache: hali hiyo huitwa parosmia na mara nyingi huja wakati neva zinajiunga upya.

Mwone daktari wa pua na masikio mapema ikiwa harufu imepotea ghafla bila mafua, baada ya kugongwa kichwa, upande mmoja tu, au pamoja na kutokwa damu.

Asiyewahi kusikia harufu tangu utotoni ni habari nyingine. Kwa baadhi yao chaneli zenyewe ndizo zenye kasoro, kwa mfano mabadiliko kwenye jeni ya CNGA2, na mazoezi ya chupa nne hayawezi kujenga mlango ambao haupo. Kasoro ya CNGB1 hugusa pia macho, kwa kuwa chaneli ya aina hiyo hutumika kwenye retina, sehemu ya jicho inayopokea mwanga. Mwenye pua dhaifu tangu kuzaliwa na anayejikwaa usiku apimwe macho. Nyumbani kwake kiwekwe kitambua gesi chenye king'ora: karibu na sakafu kwa gesi ya mtungi, ambayo ni nzito kuliko hewa, na karibu na dari kwa gesi asilia, ambayo ni nyepesi.