Homa ya mkubwa wako, isiachwe tu kwa dawa ya tifoide

Dada, kama nimekusoma vizuri mkubwa wako ana miaka 34, alipata Covid wiki tano zimepita akapona, sasa homa siku ya nne, macho mekundu, anaharisha, malaria wamepima hakuna na bado wanamupa tu dawa ya tifoide. Huku kwetu Goma kila homa inaitwa malaria, malaria ikikosekana inaitwa tifoide, na mara mingi njo kweli, lakini hiyo ya kwake minaiogopa.

Kuko kitu wanaita MIS-A, kinatokea mara chache sana, kinashika watu wazima wiki kadhaa kisha Covid: kinga ya mwili inakataa kutulia, inachoma moyo, tumbo, ngozi. Waganga wa Marekani waliieleza mwaka 2020. Inadanganya watu juu mgonjwa anaweza kuwa hakohoi hata kidogo, na kipimo cha pua kinaweza kutoka negativu kwa sababu virusi vinaweza kuwa vilishaenda.

Mupeleke leo hospitali kubwa, si kituo cha mtaa, na useme wewe mwenyewe tarehe ya Covid kwa sababu hawatauliza. Wapime tansio, CRP (kipimo cha damu kinaonyesha kama mwili unawaka ndani), na waangalie moyo kwa ekografia. Akisikia kizunguzungu akisimama, moyo kumwenda mbio, pumzi kukata ao akianza kuchanganya maneno, musingoje asubuhi.

Na tafadhali, musinunue deksa (deksametazone, dawa ya kutuliza kinga ya mwili) famasi mumupe nyumbani, dawa za aina hiyo zinatumika kweli lakini munganga akiwa anamuchunga.