Je, Mashine Zitamnyang'anya Seremala Kazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza useremala. Nasikia kwamba mashine za kompyuta na akili mnemba zitatuondolea kazi. Je, niendelee?

JIBU: Ndugu msomaji, endelea, lakini uchague vema utakachobobea. Mashine zinazochonga kwa kufuata maagizo ya namba si ngeni, kwa kuwa ya kwanza ilioneshwa Marekani mwaka 1952 kwa ajili ya vyuma; leo za aina hiyo hukata mbao za makabati mia moja yanayofanana bila kuchoka, na hapo, niseme wazi, msumeno wako hautafua dafu. Hali ni tofauti unapopachika mlango kwenye ukuta wa zamani uliopinda, ambapo kila fremu hudai vipimo vyake na ubao wenyewe huvimba au kusinyaa kulingana na unyevu. Akili mnemba inaweza kukuandalia mchoro na kukadiria mbao zitakazohitajika, ingawa makadirio hayo uyahakiki kwa futi kamba kabla ya kukata. Jifunze hasa ukarabati na ufungaji, kisha michoro ya kompyuta, kwani hata mashine huhitaji mtu anayejua nyuzi za ubao zimeelekea wapi.